Santuri ya Wanaume Waliojipaka Rangi

Jumapili iliyopita mjukuu wa dada yangu, yule anayesoma chuo hapa Dodoma, alikuja kunisalimia Mkonze akiwa amebeba kitu bapa kilichofungwa kwenye nailoni. Nilidhani kaniletea sinia. Akasema, "Bibi, hii ni santuri. Siku hizi zimerudi." Nikamwuliza zimerudi kutoka wapi, maana mimi sikusikia kwamba zilisafiri.

Akaichana ile nailoni. Nikamwambia alete hapa, nikaiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Walikuwa ni wao. Wanaume wanne, rangi ya kijani imepakwa toka jichoni mpaka kwenye kipaji cha uso, mmoja na hereni sikio moja, mmoja amejizungushia manyoya shingoni kama kuku aliyenyeshewa, na viatu vya rangi ya fedha vyenye visigino virefu. Mtoto akanieleza kwamba ni bendi ya Ulaya ya miaka ya sabini, na kwamba wameitoa upya, nyimbo zile zile na kava lile lile. Jina lao akanitajia, nikalisahau pale pale. Hata zamani sikulijua. Sisi tuliwaita wanaume waliojipaka rangi, na ilitosha.

Gramafoni hana. Anasema nyimbo zimo kwenye simu, na simu inaongea na spika ndogo kama kikombe cha chai, hiyo sahani yenyewe ataitundika ukutani. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la nne, kwa hiyo sikubisha. Akabonyeza. Zikaanza zile ngoma, ndu, ndu, ndu-ndu, na makofi ya watu wengi wanaopiga kwa pamoja, na hapo hapo nikasikia harufu ya mlenda unaoanikwa juu ya paa la udongo la tembe letu. Si mtu wa kulia ovyo mimi. Nilimwambia moshi wa jirani umeniingia machoni.

Sasa ngoja nikuambie, maana wewe ni mtu mzima na utaelewa.

Nililelewa na bibi na babu, wazazi wa mama yangu, kijijini upande wa Mvumi. Nilikuwa na umri wa kupeleka ndama malishoni na kurudi kutwanga. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Kabla ya hapo sabuni ilipangiwa foleni, na khanga ikifika moja inagombewa na ukoo mzima. Halafu tukasikia maduka ya mjini yamejaa. Ikaja na mitumba, ambayo wazee waliiita kafa Ulaya, maana waliamini kila koti lina marehemu wake, na bibi alikuwa haruhusu nguo ya mtumba iingie ndani kabla haijalala nje na kupigwa na jua.

Mjomba wangu, kitinda mimba wa bibi, alikuwa mjini akifanya kazi kwa mzee mmoja Mwislamu, mfanyabiashara ambaye mababu zake walikuja na misafara ya zamani wakabaki. Kazi ya mjomba ilikuwa kufungua marobota ya mitumba na kuzipanga nguo. Yule mzee zamani aliuza santuri pia. Lakini kanda zilikuwa zimeingia, kila kijana anataka redio kaseti, na santuri zikabaki zinakula vumbi. Basi akampa mjomba gramafoni ya betri na sahani moja iliyobaki, ile ambayo kila mteja akiiona kava lake anairudisha haraka. Mjomba hakuirudisha. Aliipenda kama wengine wanavyopenda mchumba.

Mwaka aliokuja nayo nyumbani ulikuwa mbaya. Mvua ilikuwa haijashuka. Tulipanda uwele kwenye vumbi, panya wakafukua mbegu, tukapanda tena, ndege wakabakiza kidogo. Maji tulichota korongoni: unachimba mchanga mpaka unazama kifuani, unakaa kusubiri yajikusanye, unayakomba kwa kibuyu taratibu usiyatibue. Ukirudi nyumbani midomo imepasuka na upepo. Halafu ng'ombe wakaanza kuugua. Asubuhi unamkuta ndama amelala, povu mdomoni, mama yake anamlamba.

Ndani ya hali hiyo ndipo mjomba alipotokea njiani saa ya jua kali, gramafoni kichwani. Alikuwa amevaa koti la kumetameta alilolitoa kwenye robota, suruali ya bugaluu inayofagia njia, na viatu vya raizoni vyenye visigino kama vigoda. Machoni kapaka wanja. Ng'ombe waliotoka kunywa maji walimkimbia. Mimi nilimkimbilia, kwa sababu alikuwa haji bila pipi.

Babu alikuwa ameketi uani anachonga mpini wa jembe. Mjomba akavua kofia, akainama vizuri kama alivyofundishwa, akasema, "Mbukwa, baba." Hiyo ndiyo salamu yetu. Babu akamtazama kuanzia visigino mpaka kwenye wanja, kisha akaendelea kuchonga. Hakuitikia. Jioni hakuitikia. Kesho yake hakuitikia. Ukikaa na watu wa kwetu utajua, mtu asiyeitikiwa salamu ni kama hajafika. Chakula bibi alimwekea, lakini alikula jikoni pamoja na sisi watoto, kwa sababu kwenye sinia la babu hakuitwa.

Mchana, babu akienda zizini, mjomba alitoa gramafoni chini ya kivuli cha ukuta. Betri alizianika juu ya tembe pamoja na majani ya mlenda ili zipate nguvu. Tulikaa tumezunguka, tukipiga miguu vumbini. Siku moja bibi akatokea jikoni na mikono yenye unga. Lazima ujue kwamba bibi ndiye alikuwa kiongozi wa wanawake wa ngoma ya muheme, ile ngoma kubwa ambayo mwanamke huibana kwa mapaja na kuipiga mpaka ardhi inajibu. Alisimama, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Nani anapiga hiyo?"

Mjomba akamwonesha kava. Bibi hakulitazama, alikuwa anasikiliza. Akasema aliyepiga anajua kungoja, hapigi kama mtu anayefukuzwa. Halafu akauliza, "Hiyo nyingine inayokoroma, hamwezi kuitoa?" Hilo lilikuwa gitaa. Mjomba akamwambia haitoki. Bibi akasema basi, akarudi kwenye kinu, na nikasikia mchi wake umeanza kufuata ile ngoma.

Kisha akafa mtamba wa babu. Huyo si ng'ombe tu, alikuwa ndiye atakayezaa kundi jipya. Babu alishinda zizini siku nzima. Asubuhi iliyofuata wakaja wazee wa kitongoji, na jirani yetu ambaye alikuwa mwinjilisti, wakakaa uani. Mimi nilikuwa nabeba uji, kwa hiyo nilisikia. Walisema nchi imechafuka. Walisema mwanamume hawezi kujigeuza mwanamke halafu mbingu zikanyamaza tu. Mwinjilisti akasema na Maandiko yanakataa. Babu akasikiliza wote, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto huyo ataondoka leo, na asirudi hata akisikia baba yake amekufa.

Mjomba alikuwa amesimama karibu na ukuta. Wanja ulikuwa umeshafutika wenyewe kwa jasho. Alikuwa kijana wa miaka michache tu zaidi ya dada yangu, na nilimwona anavyokitafuta kitambaa mfukoni asikipate.

Bibi akatoka jikoni. Akafuta mikono kwenye khanga. Wanawake hawakuwa wakiingia kwenye maongezi ya namna ile, lakini yeye hakuomba nafasi. Akamwambia mjomba, "Lete hilo kava." Akalishika mbali na uso kama mtu anayesoma, naye hakujua kusoma.

"Hawa ni wanawake?"

"Ni wanaume, mama."

"Nani kawavisha?"

"Wamejivisha wenyewe."

"Na wanapiga ngoma wakiwa hivi hivi, na rangi zao?"

"Hivi hivi, mama. Mbele za watu."

Bibi akalipeleka kava juani, akaangalia yale manyoya. "Ya mbuni haya," akasema, kama vile ameonana na mtu anayemfahamu. Halafu akauliza swali ambalo nitalikumbuka mpaka nikizikwa. "Na huko kwao, mvua?"

Mjomba akashangaa. Akasema yule mzee wa dukani aliwahi kumweleza kwamba huko mvua hainyamazi. Watu wanatembea na miavuli mwaka mzima, na ng'ombe wao wanashindwa kutembea kwa matope.

Bibi akawageukia wazee. "Mmesikia."

Ngoja nikueleze, maana watoto wa leo hawajui. Zamani kwetu, ng'ombe wakifa ovyo au mvua ikigoma, tulisema nchi imeingiwa na upepo mbaya. Tunauita mbeho. Kuutoa ilikuwa kazi ya wanawake. Walivaa nguo za waume zao, wakashika fimbo na mikuki, wakachunga ng'ombe kama wanaume, wakapiga ngoma na kuusukuma ule upepo mpaka mpakani, wakautupa upande wa pili. Siku hiyo wanaume walikaa nyumbani na vyungu. Lakini kanisa lilipoingia mambo hayo yalipungua, na kijijini kwetu yalikuwa hayajafanyika tangu mama yangu akiwa mtoto wa mgongoni. Sasa bibi alipoona wanaume wazima wamevaa kike, wamejipaka rangi, wanapiga ngoma, na kwao mvua hainyamazi, aliona kitu kimoja tu. Aliona watu wanaofanya kazi yao.

"Huko wanaume ndio wanaovaa," akasema. "Huku ni sisi. Wao wanaendelea, sisi tumeacha. Halafu mnakaa hapa kuuliza ng'ombe wana nini."

Mwinjilisti akasema, "Mama, hayo ni mambo ya giza."

"Tunakwenda kuchunga mchana kweupe. Mchungaji akikuuliza, mwambie nimekwenda malishoni."

Babu akamwelekezea mjomba kidevu. "Na huyu?"

"Huyu ndiye aliyeleta habari, nawe unamfukuza kwa ajili ya koti. Kama kuna ubaya uliokuja naye, umo humu." Akaigonga ile sahani kwa kidole. "Hii ndiyo tutakayoitupa. Mwanangu anabaki."

Mjomba alifungua mdomo. Nilijua anataka kuitetea sahani yake. Bibi akamtazama, akaufunga.

Kesho yake alfajiri uwanja wetu ulijaa wanawake. Sijawahi kucheka namna ile tena. Jirani mnene alikuwa amebanwa na suruali ya mumewe, ameifunga kamba. Mwingine alichora ndevu kwa masizi, akawa anatembea huku ameweka mikono nyuma, anauliza, "Mama watoto, mbona ugali haujaiva? Mimi nimechoka, nimeshinda nimekaa." Wanawake wakajibu kwa pamoja, "Pole, baba." Bibi alivaa koti zito la babu na kofia yake, akashika fimbo yake, na nakuambia, alifanana naye mpaka mbwa akamfuata. Mimi nilivalishwa lile koti la kumetameta. Lilinifika magotini. Bibi alitukaripia tuache kelele, tunachunga, hatuko harusini.

Bibi aliwaacha babu na mjomba mlangoni mwa jiko. Hakuwapa maelezo mengi. Unga ule pale, mlenda ule pale, tukirudi tutakuwa na njaa.

Gramafoni ilibebwa kichwani na binti mmoja mwenye shingo imara, mwenzake anatembea kando ameishika isitikisike, nasi nyuma na ng'ombe waliobaki, na ngoma. Sahani ilikuwa inarukaruka kila wakikanyaga shimo, lakini mdundo ulisikika. Tulipofika katikati ya mbuga betri zikaanza kuchoka. Sauti ya yule mwimbaji, iliyokuwa nyembamba kama ya msichana, ikawa nzito, ikawa kama ya fahali mgonjwa, ikakata. Hakuna aliyesimama. Wanawake wa muheme waliudaka mdundo pale pale ulipoachwa, njuga zikajibu miguuni, vumbi likapanda mpaka sikuona mwenzangu.

Ng'ambo ya korongo ndiko mpaka ulikokuwa. Bibi akaitoa sahani kwenye gramafoni, akaivika kava lake vizuri, wala hakuivunja. Akailaza chini ya kichaka cha miiba, uso wa wale wanaume ukitazama juu. Akatema mate, akasema maneno ya Kigogo ambayo sitayaandika hapa, kisha tukageuka. Anayegeuka nyuma anarudi na upepo. Nilitamani sana kugeuka. Bibi alikuwa amenishika kichogo.

Karibu na nyumbani alinituma nitangulie, nikawaambie wanaume waweke maji ya kunawa. Nilipofika uani nikasikia sauti jikoni. Nilisimama nyuma ya mlango. Moshi ulikuwa umejaa, babu amepiga magoti, ameshika chungu kwa vijiti viwili, macho yanamtoka machozi. Mjomba ameshika mwiko, anasonga.

"Ongeza unga," babu akasema.

"Nikiongeza utakuwa jiwe, baba."

"Mama yako huongeza."

"Mama huongeza anajua anachofanya."

Babu akakohoa. Kumbe alikuwa anacheka. Akauliza, "Na wewe nani kakufundisha kusonga?"

"Mjini nani atanipikia?"

"Ulikuwa unakula na nani?"

Mjomba akaendelea kusonga kidogo. "Mara nyingi peke yangu, baba."

"Hata Krismasi?"

"Hata Krismasi."

Moto ukapasua kuni. Kisha babu akaachia kijiti kimoja, akamega tonge kwenye ukingo wa chungu, akalipuliza kwa muda mrefu kama anavyopulizia mtoto, akamnyooshea mjomba kwenye mdomo. "Onja wewe kwanza," akasema. "Usije ukaniua mbele ya mama yako, mwanangu."

Nilisahau habari ya maji ya kunawa. Wanawake wakafika, bibi mbele na lile koti. Babu akatoka jikoni, majivu kwenye ndevu, mwiko mkononi, akamwinamia mkewe. "Mbukwenyi, wazee wangu. Karibuni. Chakula chetu kibaya, lakini kipo." Tulikula ugali wenye unga mbichi katikati, na mlenda wenye chumvi ya kumtibu ng'ombe. Hakuna mwanamke aliyelalamika. Mjomba alikula kwenye sinia la babu.

Mvua haikunyesha siku ile. Nisikudanganye. Ilikuja baadaye, ya kunyata, ikatosha kuokoa uwele na kutupa matikiti madogo madogo. Mwinjilisti akasema ni maombi ya kanisa. Bibi akasema sawa, mradi imekuja. Mjomba alikaa mpaka tukavuna, akarudi mjini, na kila mwaka alirudi Krismasi. Babu alikuwa anamwuliza "umekula?" kabla salamu haijatoka, akiwa bado njiani na mizigo. Alimwuliza hivyo mpaka mwaka aliokufa. Ile sahani mjomba hakuitaja tena. Niliwahi kumwuliza, nikiwa nimeshaolewa, kama iliwahi kumwuma. Akasema ilimwuma sana, miaka. Halafu akasema, "Ungekuwa mimi, ungechagua ipi?"

Naye tumeshamzika. Mjukuu aliponiuliza wale wanawake wako wapi, nikamwambia wako huko huko na mjomba. Muheme bado inapigwa, nimeiona kwenye sherehe, wasichana wamevaa fulana za sare chini ya turubai, wanapiga dakika chache kisha msema chochote anawakatisha ili mgeni ahutubie. Wanapiga vizuri. Lakini hawasukumi kitu. Na ukitaka kusukuma, utasukumia wapi? Ng'ambo ya korongo wameshapima viwanja, jiji limetambaa limefika, mabati mekundu na ya bluu. Ukitupa upepo wako leo unaangukia kwenye kibaraza cha mtu.

Nilikwenda mwaka jana kwenye msiba, nikapita pale kwetu. Tembe lilishaanguka, mvua zimelirudisha kuwa udongo. Mahali pa jiko nikayakuta mafiga, mawili, la tatu kalichukua mtu. Mwenye kiwanja, kijana mstaarabu, ameyaacha tu, moja amefungia mbuzi. Akaniamkia, nikamwitikia, akaniuliza kama natafuta kitu. Nikamwambia hapana. Kisha nikaona atanidhania mwizi wa mbuzi, nikamwambia hapa palikuwa na jiko, na siku moja baba na mwanawe walipikia hapa. Akasema, "Aa," kwa adabu, akiwa anasubiri niendelee.